Anayeshindwa na F Hajakosa Kipaji

Ipo kauli ambayo sisi walimu huitoa kwa wepesi mno: "Huyu hana kipaji." Huitoa mwalimu wa hisabati, huitoa mwalimu wa lugha, na mwalimu wa muziki ndiye huitoa haraka kuwashinda wote, maadamu kwake yeye kosa husikika papo hapo. Nakusudia leo kuipinga kauli hiyo kwa kutumia gitaa, ala ambayo nimeanza kujifunza nikiwa nimekwisha kuvuka miaka arobaini, na hasa kwa kutumia mahali pamoja ambapo wanafunzi wengi huiweka ala hiyo chini wasiiinue tena. Mahali hapo ni kodi ya F.

Nalitumia neno "kodi" kwa maana ya sauti kadha zinazolia pamoja na kupatana. Si ile inayodaiwa na serikali, ingawa anayeanza huenda asione tofauti kubwa. Mambo huzidi kuchekesha tufikapo kwenye aina ninayoikusudia, ambayo jina lake la Kifaransa likipita katika vinywa vyetu huwa "kodi ya baa", na msikilizaji akadhani tunazungumzia bajeti ya bia, au balaa. Mhispania yeye alikitazama kidole kilicholala juu ya nyuzi akakumbuka unyusi, akaiita cejilla, yaani kijinyusi. Mimi nitaiita kodi ya kulaza kidole.

Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Shingo yake imekingamwa na vyuma vyembamba, na nafasi iliyo baina ya chuma na chuma nitaiita chumba. Kila chumba hupandisha sauti kwa nusu toni. Kodi za mwanzo, kama vile E, A, D, G na C, huziacha baadhi ya nyuzi zilie wazi bila kubanwa. Katika kodi ya kulaza kidole, kidole cha shahada hulazwa kukingama shingo nzima, na vingine vitatu huunda umbo mbele yake.

Kwa mtu wa isimu, hapa pana utamu wa pekee. Kodi za mwanzo ni msamiati: kila moja hukaririwa peke yake. Kodi ya kulaza kidole ni sarufi. Chukua umbo la E, laza kidole katika chumba cha 1, umepata F. Lihamishe umbo lilo hilo hadi chumba cha 3, ni G. Cha 5, ni A. Cha 8, ni C. Mkono haukujifunza lolote jipya, umehama tu. Ndivyo mtoto aliyekwisha kukinasa kiambishi -li- katika "alicheza" asivyohitaji kufundishwa upya aseme "walilima". Mwanafunzi anayeachia njiani kwenye F, basi, hapotezi kodi moja. Amefungiwa mlango wa sarufi nzima.

Na kwa nini aachie njiani? Mpwa wangu wa kidato cha pili aliambiwa shuleni kwamba vidole vyake ni vifupi, na kwamba afadhali arudi kwenye kwaya. Alinijia akiwa amekwisha kuyaamini maneno hayo. Nilimwomba ajaribu umbo lilo hilo katika chumba cha 5. Nyuzi zote zikalia isipokuwa mmoja. Vidole ni vile vile, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali. Chumba cha 1 kimepakana na kile kipande kidogo chenye mifereji kinachozibeba nyuzi penye kichwa cha gitaa, na karibu na kipande hicho uzi huwa mgumu kuushusha kuliko pengine pote. Mifereji ikiwa haikuchongwa vya kutosha, kama ilivyo katika magitaa mengi ya bei nafuu, hata seremala mwenye kiganja cha chuma atatokwa na jasho. Fundi aliichonga mifereji ile kidogo tu, na vidole "vifupi" vikarefuka siku hiyo hiyo.

Nami nafundishwa na kijana aliye rika la wanafunzi wangu, ambaye heshima yake kwangu haimzuii kunikosoa. "Daktari, usiikabe shingo, huyo si kuku," aliniambia siku ya kwanza, kisha akaniamuru niondoe kabisa kidole gumba na kuuacha uzito wa mkono uzivute nyuzi. Akanionyesha pia jambo ambalo laiti wanaoanza wangeelezwa mapema: katika umbo la E, kidole cha shahada hakibani nyuzi zote 6. Uzi wa 5, wa 4 na wa 3 hubanwa na vidole vingine. Kilicholazwa kina kazi ya uzi wa 6, wa 2 na wa 1 tu, na hulala kwa ubavu, kikikisogelea chuma, kwa sababu upande wa ndani una mikunjo ambamo uzi huzama na kunyamaza. (Kidole hiki cha shahada, nimegundua, hakijali mtu ana shahada ngapi.)

Kuna watakaonena kwamba wakongwe hawakuhitaji haya. Wana hoja. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 akipiga "Masanga", na George Mukabi, ambaye jina lake limefungamana na omutibo wa magharibi mwa Kenya, sifa yao kubwa imo katika mkono wa kulia, katika mazungumzo ya kidole gumba na cha shahada. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoifanya F kuwa mizani ya kipaji. Nimeona pia penseli iliyofungwa shingoni kwa mpira ikafanya kazi ya kidole kilicholala, ili wimbo uifuate sauti ya mwimbaji. Ila penseli haihami katikati ya ubeti, kidole huhama.

Kwa mwalimu mwenye darasa la gitaa, pendekezo langu ni kuanzia chumba cha 5, dakika tano tano kwa siku, kisha kushuka chumba kimoja kila wiki hadi F. Nyuzi nyembamba husaidia, na kulegeza zote kwa nusu toni kadhalika. Mwanafunzi akilalamika, aulizwe anaumwa wapi. Ncha za vidole zikiwaka, aendelee kesho. Kifundo cha mkono kikiuma, aache hapo hapo, na mwalimu atazame kwanza jinsi alivyoketi.