Mtoto mnono na sukari ya mama

Tunapowatembelea akina mama wa Likoni, Kisauni na Changamwe twasikia: "Kajifungua jitoto la kilo nne na nusu, mashaallah!" Twafurahi nao. Lakini sisi huuliza, je, mama alipimwa sukari wakati wa mimba?

Sukari ya mama ikizidi humfikia mtoto tumboni, na kongosho la mtoto hutoa insulini nyingi ili kuikabili. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama hukoma ghafla lakini insulini bado ipo. Basi saa za kwanza sukari ya mtoto hushuka: hutetemeka, hulegea, hakamati titi, hata degedege humshika. Wengine husema ni nyuni, wengine malaria, na saa zinakwenda. (Bibi zetu hatuwalaumu, kipimo hawakuwa nacho.) Maambukizo nayo huleta dalili hizo hizo, ndiyo maana apimwe damu, sio kubahatisha.

Mama apimwe sukari kati ya wiki ya 24 na 28, hata kama hasikii chochote. Mtoto anyonye ndani ya saa moja, na tone la damu ya kisigino lipimwe. Mkijifungulia nyumbani naye akatetemeka, msingoje kupambazuke: mwekeni kifuani kwa mama, afunikwe, anyonyeshwe akiweza kumeza, na mwende hospitali usiku huo huo.