Saratani ya Kongosho: Namba Mbili Kwenye Karatasi ya FBP

Mgonjwa wa saratani ya kongosho iliyosambaa hufika kliniki na bahasha nene. Kuna picha za CT, kuna majibu ya kinyama kilichotolewa kwa sindano, kuna barua ya rufaa yenye mihuri. Ndugu huuliza habari za hayo yote. Karatasi moja tu hawaiulizi, kwa sababu hata mwenye malaria hupewa ya namna hiyo: kipimo cha picha nzima ya damu, maarufu kama FBP. Kumbe humo mna namba mbili ambazo zikiwekwa pamoja zinaeleza jambo ambalo CT haiwezi kulionyesha.

Tafuta mstari wa nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi kufika mahali penye jeraha au bakteria. Kisha tafuta mstari wa limfosaiti, ambazo baadhi yake zina uwezo wa kuitambua seli ya saratani na kuiua. Tuseme mstari wa kwanza unasoma 7.8 na wa pili 1.2. Gawanya: 6.5. Uwiano huo wataalamu huuandika NLR, na kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huwa kati ya 1 na 3. Tafiti nyingi za saratani ya kongosho zimeweka mpaka kwenye 5, nyingine kwenye 3 au 4. Pamoja na tofauti hizo za mipaka, matokeo yanafanana: wanaoanza tiba wakiwa juu ya mpaka, kwa jumla, huishi muda mfupi kuliko wenzao wa hatua ileile ya ugonjwa.

Kwa nini saratani ya tumboni ivuruge hesabu ya chembe za damu? Mwaka 1863 mwanapatholojia Mjerumani Rudolf Virchow aliandika kwamba ameona chembe nyeupe zimejaa ndani ya uvimbe wa saratani. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1986, Harold Dvorak wa Marekani aliifananisha saratani na kidonda kisichopona. Mfano huo unaifaa saratani ya kongosho kuliko nyingine nyingi. Uvimbe wake kwa sehemu kubwa si seli za saratani zenyewe, bali ni nyama ngumu ya kovu na chembe zilizoitwa kuja kutibu jeraha ambalo halifungi. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi zina hitilafu kwenye jeni ya KRAS, na hitilafu hiyo huzichochea seli kumwaga kemikali za kuita msaada, zikiwemo interleukini-6 na interleukini-8. Kemikali hizo zikiingia kwenye damu, mwili wote huingia katika mchochota, yaani ile hali ya kujihami kama wakati wa maambukizi, ila hapa hakuna kijidudu cha kufukuzwa. Uboho huzidisha nyutrofili, limfosaiti hupungua.

Ini nalo hupokea amri. Interleukini-6 huliagiza litengeneze protini iitwayo CRP, ambayo William Tillett na Thomas Francis waliigundua mwaka 1930 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Likishughulika na CRP, ini hupunguza kazi ya kutengeneza albumini, protini nyingine ya damu. Isitoshe, mchochota huifanya mishipa midogo ya damu ivuje, na albumini iliyokuwepo inatokea humo.

Hapa ndipo familia nyingi zinapojilaumu bure. Majibu yanatoka albumini 29, mtu mmoja kwenye korido anasema mgonjwa halishwi vizuri, na kuanzia jioni hiyo nyumba nzima inahangaika na mayai, maziwa na supu ya makongoro. Mgonjwa anabembelezwa, anameza vijiko viwili, anatapika. Wiki inayofuata albumini ni 28 na mke haangalii watu usoni. Chakula kina umuhimu wake, na mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi vimeng'enya vya kutosha anahitaji kupewa vimeng'enya hivyo kwa vidonge ili mafuta anayokula yamfae. Lakini sehemu kubwa ya kushuka huko haitoki jikoni. Ini limeamriwa kufanya kazi nyingine, na trei la mayai haliwezi kuitengua amri hiyo. Mke huyo anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, tena na daktari, si na jirani.

Watafiti wa Glasgow, Uskoti, waliziunganisha CRP na albumini kuwa alama moja. Walianza na saratani ya mapafu mwaka 2003, kisha alama hiyo ikarekebishwa na kujaribiwa kwenye saratani nyingine, ya kongosho ikiwemo. Kuihesabu hakuhitaji hata kikokotoo. CRP ikiwa miligramu 10 kwa lita au chini yake, mgonjwa ana alama 0. Ikizidi 10 huku albumini ikiwa gramu 35 kwa lita au zaidi, alama ni 1. CRP ikizidi 10 na albumini ikiwa chini ya 35, ni 2, na hao ndio ambao hali yao huporomoka haraka. (Angalia vizio kabla ya kuingiwa na hofu: maabara nyingine huandika gramu kwa desilita, na hapo 35 husomeka 3.5.)

Tunazungumzia tofauti ya muda gani? Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013, lenye wagonjwa 861 wa saratani ya kongosho iliyosambaa, nusu ya waliopewa jemsitabini pamoja na nab-paklitakseli walifikisha miezi 8.5, kwa waliopewa jemsitabini peke yake ilikuwa miezi 6.7. Mchanganyiko mkali zaidi, FOLFIRINOX, ulifikisha miezi 11.1 mwaka 2011, ila kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa sababu bado walikuwa na nguvu. Mahali ambapo dawa mpya inasifiwa kwa kuongeza wiki chache, kipimo cha bei nafuu kinachoonyesha nani yuko hatarini zaidi si kitu cha kupuuza.

Watu walitaka kwenda mbali zaidi. Ikiwa mchochota unaua, si tuuzime? Dawa iliyokuwepo ni ruksolitinibu, inayoziba njia ambayo interleukini-6 huitumia kupeleka ujumbe ndani ya seli. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 127 ambao jemsitabini ilikuwa imewashinda. Wote walipewa kapesitabini, nusu wakaongezewa ruksolitinibu. Kwa ujumla wao tofauti haikutosha kuthibitisha kitu. Lakini kwa wale wenye CRP iliyozidi 13, asilimia 42 ya waliopata ruksolitinibu walikuwa hai baada ya miezi sita, dhidi ya asilimia 11 ya wenzao. Ukisoma takwimu kama hizo unasisimka, hata ukiwa umeapa kutosisimka. Majaribio makubwa yakaanzishwa, safari hii wakiingizwa wagonjwa wenye alama ya Glasgow ya 1 au 2 pekee, na la kwanza lilishaandikisha zaidi ya 300. Mwaka 2016 yalisimamishwa. Hesabu za katikati zilionyesha kwamba dawa haiongezi kitu.

Nadhani somo hili bado halijawaingia wengi wanaoandika kuhusu NLR na CRP. Namba inayoonyesha ugonjwa unakoelekea haikuahidi kwamba ukiishusha, ugonjwa utageuka. Wala haimwambii daktari dawa ipi itamfaa mgonjwa huyu. Kwa hiyo wauzaji wa unga wa manjano na chai za kuondoa sumu wanaojigamba kwamba bidhaa zao zinashusha CRP wasitafute ushahidi hapa. Dawa iliyobuniwa mahsusi kwa njia hiyo ilijaribiwa kwa uangalifu na haikufua dafu.

Alama ya 2 inapotoka, kazi ya kwanza ni kupekua sababu nyingine. Saratani iliyo kwenye kichwa cha kongosho huuminya mrija wa nyongo, macho yanageuka manjano, na nyongo iliyotuama hupata bakteria. Maambukizi hayo peke yake yanaweza kuirusha CRP kupita 100. Mrija ukizibuliwa na antibayotiki zikafanya kazi, CRP hushuka upesi, maana nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban saa 19. Albumini huchukua karibu wiki tatu. Deksamethasoni, inayotolewa kuzuia kutapika, hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Sindano za filgrastimu nazo huzipandisha nyutrofili kwa makusudi. Damu ya kuhesabia NLR ichukuliwe kabla ya hayo yote. Kifua kikuu na malaria huwasha mchochota uleule. Yote hayo yakiondolewa na alama ikabaki 2, ndipo tunapozungumza na mgonjwa kuhusu dozi nyepesi badala ya FOLFIRINOX, na watu wa tiba shufaa wanaitwa mwanzoni, maumivu na usingizi vishughulikiwe mapema.

Lipo jambo moja linalotuhusu sisi zaidi. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wamerithi hali iitwayo Duffy hasi, ambayo huzuia malaria ya aina ya vivaksi kuingia kwenye chembe nyekundu. Hali hiyohiyo huambatana na kiwango cha chini cha nyutrofili kwenye damu, bila mwenye nacho kuugua lolote. Sasa fanya hesabu. Mtu ambaye siku zote ana nyutrofili 4.0 na limfosaiti 2.0 ana NLR ya 2. Saratani ikizidisha nyutrofili zake mara tatu na limfosaiti zikashuka hadi 1.5, anafika 8. Mwenye Duffy hasi aliyeishi na nyutrofili 1.8 na limfosaiti 2.2 huanzia 0.8. Nyutrofili zake nazo zikizidi mara tatu na limfosaiti zikashuka hadi 1.5, anafika 3.6. Moto ni uleule, lakini mpaka wa 5, uliowekwa zaidi kwa damu za Wazungu na Waasia, utamhesabu huyu wa pili kuwa salama.

CRP na albumini hazina tatizo hilo, ndiyo maana kwa wagonjwa wetu naiamini zaidi alama ya Glasgow. NLR naisoma kwa kuilinganisha na ya mgonjwa mwenyewe alipokuwa mzima. Kwa hiyo ndugu wakiulizwa kama kuna FBP ya zamani, waitafute: ile ya kupimwa afya alipoajiriwa, au ya siku alipokwenda kuchangia damu.