Hataza haitolewi kwa jasho: funzo kwa wabunifu wa vyombo vya kuhifadhia nafaka

Mkulima wa Handeni au Kilindi anapomaliza kuvuna mahindi huwa na maadui wawili. Wa kwanza ni bei, ambayo huanguka pale kila mtu anapopeleka magunia sokoni kwa wakati mmoja. Wa pili ni dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi walimpachika jina la Scania kwa jinsi anavyosaga punje. Anayemshinda dumuzi ndiye anayeweza kuisubiri bei ipande. Ndiyo maana mafundi wetu hawachoki kubuni: huyu anatengeneza pipa la bati lenye mfuniko wa mpira, yule anaboresha kihenge cha babu yake kwa saruji, mwingine anafunga madebe kwa nta.

Mara kitu kinapoanza kununuliwa, fundi huanza kuwaza waigaji. Anasikia kuna hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Anaambiwa aende BRELA. Ushauri huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Kwa chombo rahisi kama pipa au gunia, kizingiti kigumu si fomu wala ada, bali ni neno moja la mkaguzi: dhahiri.

Masharti matatu

Kwa Tanzania Bara, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Hataza (Usajili) ya mwaka 1987, ambayo ni Sura ya 217. Inasimamiwa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ulioanzishwa mwaka 1999. Ipo pia njia ya kikanda kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu lenye makao yake Harare, Zimbabwe. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Harare mwaka 1999, hivyo ombi moja linaweza kutaja Tanzania pamoja na nchi nyingine wanachama.

Njia zote mbili zina masharti matatu. Uvumbuzi uwe mpya, uweze kutumika katika uzalishaji, na uwe na hatua ya kivumbuzi. Masharti mawili ya kwanza hayana utata mkubwa. Pipa linatumika, na kama hakuna aliyewahi kuchapisha au kuonyesha pipa la namna hiyo hasa, basi ni jipya.

La tatu ndilo linalowatoa watu jasho. Mkaguzi humfikiria fundi wa kawaida wa fani hiyo, mwenye ujuzi wa kutosha ingawa si bingwa. Kisha anachukulia kwamba fundi huyo amesoma maandiko yote ya fani yake, ya hapa na ya ng'ambo. Halafu anajiuliza: je, mtu huyo angepewa tatizo hili, angefika kwenye jibu hili bila kuumiza kichwa? Kama jibu ni ndiyo, ombi linakataliwa.

Hapa msomaji aelewe jambo moja. Dhahiri si sawa na rahisi. Kitu rahisi kabisa kinaweza kupata hataza kama hakuna aliyekitarajia. Na kitu kilichomgharimu mtu miaka mitano ya usingizi kinaweza kunyimwa, kwa sababu sheria haipimi jasho la mwombaji. Inapima umbali kati ya kilichokuwa kinajulikana na kile alicholeta.

Jembe, kifuniko na betri

Mifano mizuri ya kipimo hiki inatoka Marekani, na inahusu vifaa ambavyo mkulima anavijua. Maamuzi ya huko hayazifungi mahakama zetu, lakini hoja zake zinafanana na zile ambazo mwombaji wa hapa atakutana nazo.

Tarehe 21 Februari 1966, Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo ilitoa uamuzi katika kesi ya Graham dhidi ya kampuni ya John Deere. William Graham alikuwa na hataza ya kibanio cha jembe la trekta kinachosaidia mguu wa jembe kunesa unapogonga jiwe. Tatizo ni kwamba miaka michache kabla alikuwa amepata hataza nyingine ya kibanio kinachokaribia kufanana na hicho. Katika toleo la pili alichofanya hasa ni kubadili nafasi: mguu uliokuwa juu ya bamba akauweka chini yake. Mahakama ilisema fundi yeyote wa majembe angeona kwamba mabadiliko hayo yanawezekana. Hataza ikafutwa. Kazi yake mwenyewe ya awali ndiyo iliyomfunga.

Katika uamuzi huohuo ilijadiliwa hataza ya kifuniko cha kuzuia dawa ya wadudu isivuje wakati chupa ya kupulizia inaposafirishwa. Kifuniko hicho kilikuwa kimeuzika vizuri, na wenye hataza walieleza kwamba wengine walijaribu kutatua tatizo hilo wakashindwa. Mahakama haikuona kwamba hayo yanatosha, kwa sababu njia ya kuziba ya namna hiyo ilikuwa tayari imo katika hataza za zamani. Ilipofika mwaka 1976, mahakama hiyohiyo iliikataa pia hataza ya mfumo wa kusafisha zizi la ng'ombe wa maziwa kwa kuachia maji mengi kwa mkupuo. Matangi, sakafu ya mteremko na maji yanayosukuma samadi, vyote vilikuwa vinajulikana, na kila kimoja kilifanya kazi yake ya siku zote.

Lakini siku ileile ya Februari 1966 mvumbuzi mwingine, Adams, alishinda. Yeye alitengeneza betri inayoanza kufanya kazi inapotiwa maji. Madini aliyotumia yalijulikana kila moja peke yake. Tofauti ni kwamba ujuzi wa wakati huo ulielekeza watu mbali na mchanganyiko huo, na wataalamu wa serikali walipoelezwa mwanzoni hawakuamini kwamba ungefanya kazi. Ukafanya kazi. Hiyo ndiyo hatua ya kivumbuzi: kuunganisha vitu vya zamani ukapata matokeo ambayo wenye ujuzi hawakuyategemea.

Gunia la tabaka tatu

Tusogee nyumbani. Mifuko ya PICS, ambayo wakulima wengi wanaifahamu, imekuwa ikitengenezwa hapa Tanga na kiwanda cha Pee Pee Tanzania Limited. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na nje yake gunia la kawaida la kufumwa. Mbinu hiyo ilianza kufanyiwa kazi nchini Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wakiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya kunde.

Ukifunga vizuri, wadudu waliomo hutumia hewa ya oksijeni mpaka inapungua sana. Wanaacha kula. Kwa kuwa mdudu wa ghalani hupata sehemu kubwa ya maji ya mwili wake kwa kusaga chakula hicho mwilini kwa msaada wa oksijeni, hukauka na kufa. Maelezo haya ya kukauka yalichapishwa na watafiti hao mwaka 2012, miaka mingi baada ya mifuko yenyewe kuanza kutumika.

Sasa tuliweke gunia hilo mezani kwa mkaguzi. Atasema kuhifadhi nafaka mahali pasipoingia hewa ni jambo la kale, kwani watu wa nchi nyingi walifukia nafaka kwenye mashimo ardhini tangu enzi. Atasema mfuko wa plastiki si mgeni, na mfanyabiashara yeyote anayeogopa mfuko kutoboka huweka wa pili. Mtetezi naye atajibu kwamba wadudu hawa wana uwezo wa kutoboa plastiki, kwa hiyo mtaalamu wa kawaida angeweza kudhani mbinu hiyo haitafua dafu. Zote mbili ni hoja za kweli. Ila aseme tu kwamba amegundua sababu ya wadudu kufa, na atajibiwa kwamba kueleza vizuri jinsi kitu cha zamani kinavyofanya kazi hakukifanyi kiwe kipya.

Cha kujifunza ni namna biashara yake ilivyoendeshwa. Mbinu yenyewe ilifundishwa waziwazi kwa wakulima, na kilichotumika kama kinga ni jina. PICS ni alama ya biashara, na kiwanda hupewa leseni ya kuitumia kwa masharti ya ubora. Yeyote anaweza kutia mifuko miwili ndani ya gunia, lakini hawezi kuiuza kwa jina hilo.

Fundi mbele ya mkaguzi

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi bati wa Ngamiani anatengeneza pipa la kilo 200. Mdomo wake unazibwa kwa pete iliyokatwa kwenye tyubu ya gari, na kabla ya kufunga anawasha mshumaa ndani ili umalize hewa. Wateja wanampenda. Anaomba hataza.

Mkaguzi ataanza na silo za bati zilizosambazwa Amerika ya Kati tangu miaka ya 1980 kwa msaada wa Uswisi. Ataongeza miongozo inayoelekeza kuwasha mshumaa ndani ya silo kabla ya kuifunga. Pete ya mpira ataikuta kwenye vyombo chungu nzima. Kila kipande kinafanya kazi yake ya kawaida, na jumla yake ni kile ambacho fundi mwingine angekitegemea. Dhahiri.

Je, fundi huyu hana njia? Anayo, kama atatazama tatizo la pwani yetu. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Pipa la bati linalopigwa na jua mchana na kupoa usiku hutoa matone ndani, na nafaka ya juu huvunda. Kama katika kuhangaika na tatizo hilo amebuni umbo au kitambaa cha ndani kinachozuia matone kwa namna ambayo vitabu havikuielekeza, na ana vipimo vya kuthibitisha, basi hapo ndipo penye uvumbuzi. Ombi lake lisimame juu ya hilo, si juu ya pipa zima.

Milango mingine

Kukataliwa hataza si mwisho wa safari. Sheria yetu inatambua cheti cha manufaa kwa ubunifu mdogo, na ARIPO ina kinga ya aina hiyo inayoitwa modeli ya matumizi. Hapa kinachotakiwa ni upya na kutumika katika uzalishaji, bila ule mtihani wa dhahiri. Kinga yake ni ya muda mfupi kuliko hataza. Kwa ARIPO, mwombaji anaweza kuomba ombi lake la hataza ligeuzwe kuwa la modeli ya matumizi kabla halijatolewa uamuzi. Kwa mapipa na vihenge vingi, huu ndio mlango unaolingana na kimo cha kazi yenyewe.

Mlango wa pili ni alama ya biashara, chini ya sheria ya mwaka 1986. Alama husajiliwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila miaka 10 maadamu mwenyewe anaitumia na kulipa. Fundi ambaye pipa lake halivuji ana mali katika jina lake, hata kama umbo la pipa ni la wote.

Wanaouza Unguja na Pemba wakumbuke kwamba miliki ubunifu si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake, BPRA. Usajili wa BRELA hauvuki maji.

La kufanya kabla ya kulipa

Kwanza, tafuta. Kumbukumbu za hataza za dunia nzima zinasomwa bure kwenye intaneti, ikiwemo hazina ya WIPO. Kijana anayejua Kiingereza na kompyuta anaweza kukufanyia kazi hiyo kwa siku mbili. Ni nafuu kuambiwa ukweli na mwanao kuliko kuambiwa na mkaguzi baada ya kulipa.

Pili, funga mdomo. Ukipeleka chombo chako kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Morogoro kabla ya kuwasilisha ombi, unaweza kuwa umeuua upya wake kwa mkono wako.

Tatu, pima. Chukua mahindi ya shamba moja, yaliyokauka sawa, ugawe katika chombo chako, pipa la kawaida, gunia la kawaida na mfuko usiopitisha hewa. Baada ya miezi kadhaa hesabu wadudu hai na punje zilizotobolewa, kisha pima uzito. Andika kila kitu kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukiweza, shirikisha watu wa SIDO au Chuo Kikuu cha Sokoine. Mkaguzi akisema kitu chako ni dhahiri, maneno matupu hayatamgeuza, lakini takwimu zinazoonyesha matokeo yasiyotarajiwa zinaweza.

Nne, piga hesabu ya biashara. Hataza ina ada za kila mwaka, na kumshtaki mwigaji kuna gharama zake. Kama unauza mapipa 30 kwa msimu katika wilaya moja, fedha hizo huenda zikazaa zaidi ukinunua mashine bora ya kukunja bati na kusajili jina lako. Kama umepata jambo ambalo viwanda vya nje vitalitaka, hapo usichelewe hata wiki moja.

Mwenye chombo ajiulize swali la mkaguzi kabla mkaguzi hajamuuliza: fundi wa jirani, akipewa bati, tyubu na shida hiihii, angetengeneza nini? Kile ambacho jirani asingekifikiria ndicho cha kukiombea hataza.