Bamvua Ndani ya Simu

Programu yangu ya kwanza yenye maana ilihusu pweza. Kwetu Msimbati, kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, wanawake huteremka mwambani na mikonjo yao maji yanapokupwa, na saa ya kukupwa ndiyo inayopanga siku nzima: nani aamke lini, uji upikwe saa ngapi, mtoto aachwe kwa nani. Mwalimu wetu wa kompyuta chuoni alipotuagiza tuandike programu juu ya jambo tunalolifahamu vizuri, wenzangu wengi walichagua mauzo ya duka au alama za mitihani. Mimi nilichagua maji.

Kabla ya hapo kompyuta niliijua kwa chaki. Sekondari niliyosoma haikuwa nayo hata moja, tukachora kibodi kwenye madaftari na kukariri sehemu zake. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kukariri sehemu hakumfundishi mtu kazi yenyewe. Kompyuta haijui chochote. Inafuata maelekezo mstari baada ya mstari, na haielewi ukiiambia "kama kawaida". Kuandika programu ni kulivunjavunja jambo unalolijua mpaka vibaki vipande ambavyo hata asiyejua lolote anaweza kuvifuata. Kazi hiyo inaweza kuanza bila kompyuta, kwa kumuuliza vizuri mtu anayejua.

Nilimwendea bibi.

"Bibi, kesho maji yatakupwa saa ngapi?"

"Leo mwezi ngapi, mjukuu wangu?"

"Kumi na nne."

"Basi bamvua hilo. Saa nne hivi pwani kweupe. Siku zinazofuata yatachelewa kidogo kidogo. Yakifika maji mafu usiyategemee, yanazubaa hayo."

Maneno hayo yana programu nzima ndani yake. Kuna kinachoingia, yaani tarehe ya mwezi. Kuna kanuni, na kuna jibu linalotoka, yaani saa. Niliyaandika kwa Python, lugha ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991 na ambayo hadi leo hailipiwi. Jioni chumba cha kompyuta kikifungwa niliendelea kwenye simu, nikiichaji kwa umeme wa gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa hapo hapo nyumbani mwaka 1982. Python ina maneno yake machache ya lazima, ila majina mengine unajichagulia. Ya kwangu yalikuwa mwezi, jua, kimo, bamvua.

Toleo la kwanza lilikuwa rahisi: anzia saa nne siku ya bamvua, kisha ongeza dakika 50 kila siku, kwa kuwa mwezi hurudi mahali pake juu yetu baada ya saa 24 na dakika 50 hivi. Siku za bamvua jibu lilikubaliana na pwani. Mwezi ulipobaki nusu, simu na bahari vikaachana. Bibi alikwishasema: yanazubaa.

Kinachoyazubaisha ni jua. Mwezi huyavuta maji yajae na kupungua kila baada ya saa 12 na dakika 25. Jua nalo huyavuta, kwa nguvu ndogo zaidi, kila baada ya saa 12 kamili. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mmoja akiwa mwepesi kidogo kuliko mwenzake: mara michi inatua pamoja, mara inapishana. Mivuto ikitua pamoja, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, tunapata bamvua, na kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ikipishana tunapata maji mafu. Kutoka bamvua moja hadi jingine hupita siku zisizotimia 15. Katikati hapo saa ya kukupwa haisogei sawasawa: karibu na bamvua huchelewa pungufu ya dakika 50 kwa siku, na karibu na maji mafu huweza kuruka zaidi ya saa nzima. Nilipoyaandika mawimbi yote mawili na kumalizia na mstari mmoja, kimo = mwezi + jua, saa zikaanza kuzubaa kama bibi alivyosema. Nilimpigia usiku ule ule.

Hesabu hii ni kongwe kuliko kompyuta za umeme. Mwaka 1872 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba kwa kazi hii. Kila gurudumu lilibeba wimbi moja, kamba ikayajumlisha yote na kalamu ikachora maji ya siku zijazo. Mashine za aina hiyo zilitumika Uingereza kukadiria maji ya pwani ya Normandy kabla ya majeshi kushuka huko Juni 1944.

Majedwali ya maji yapo, na manahodha wa meli huyatumia. Lakini mwanamke mwenye kitochi hayaoni, na hata akiyaona, saa zake si zetu. Sehemu niliyoifanya kwa mapenzi makubwa ni ile ya kugeuza saa. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza kunapopambazuka. Basi programu hupunguza saa sita, jibu likiwa chini ya moja huongeza kumi na mbili, likifika kumi na tatu au zaidi hupunguza kumi na mbili, kisha hutafuta kama ni alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ratiba ya mwezi mzima hutoshea kwenye karatasi moja, nayo hubandikwa penye mnada wa samaki.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora karibu nchi nzima, baada ya nyaya za EASSy na SEACOM kukatika baharini upande wa Afrika Kusini. Mtu angeweza kuwa na bando na asifungue chochote. Programu yangu haihitaji mtandao, na karatasi haihitaji hata simu. Tangu hapo ninaamini kwamba programu ya watu wa pwani yetu lazima ifanye kazi mtandao ukiwa haupo.

Lakini mlangoni mwa mto Ruvuma mawimbi mawili hayatoshi. Masika mto hufurika, maji yake hukutana na maji yanayojaa, na saa za Kilambo, kando ya mto huo, haziwezi kuwa za Msimbati. Huko hakuna kanuni ya kuazima, lazima tupime. Tumeanza na mti uliochorwa alama na daftari, na binamu zangu wanaandika saa ambayo maji yanageuka. Anayeishi Kilambo au Mahurunga na anayapenda mambo haya anaweza kuanza na daftari lake leo. Aandike tarehe ya mwezi, saa ya kugeuka, na kama mvua ilinyesha.