Kivuli Kwanza, Ukuta Baadaye

Mgeni akiingia nyumba ya kale ya Lamu saa nane za mchana na kukuta ubaridi, husifu unene wa kuta. Kuta hizo za mawe ya matumbawe na chokaa hufika nusu mita, na joto huchukua saa nyingi kuzipenya. Hata hivyo, naona tunazipa sifa isiyo yao. Ukuta mnene hufaa hasa jangwani, ambako baridi ya usiku huondoa joto lote lililonyonywa mchana. Pwani yetu ina unyevu, na usiku haupishani na mchana ila kwa digrii chache. Ukuta unaopigwa jua kutwa, hata uwe mnene vipi, utawachoma wenyewe usiku kucha.

Kinachoziokoa kuta za Lamu ni kwamba jua haliziwahi. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni za ghorofa, kwa hiyo nyumba humtilia jirani kivuli. Mahali pengine kuna wikio, chumba kilichovuka juu ya njia kikiunganisha nyumba mbili, na chini yake wapita njia hupata pumzi. Palipofikiwa na jua, chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wake.

Baada ya kivuli ni upepo. Upande wa njia madirisha ni machache mno. Nyumba hupumulia kiwandani, uwanja wa ndani usio na paa. Usiku hewa ya hapo hupoa chini ya anga wazi, hutua, kisha huingia vyumbani, na ile ya moto hupanda ikatoka. Juu kabisa, chini ya makuti, pande ziko wazi kwa kaskazi na kusi. Makuti hayahifadhi joto: jua likizama, nayo yamekwisha kupoa.

Ndiyo maana huniuma kuona kiwanda kikifunikwa kwa zege ili kupata chumba kimoja zaidi, na makuti yakiondolewa kupisha mabati yasiyo na dari. Hewa hukosa pa kutokea. Kuta nazo zikipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi vilivyokuwa vikitoka kupitia chokaa hunaswa ndani, na mawe huanza kumeguka. Kisha hununuliwa kiyoyozi. Kidogo cha chumba kimoja hula wati 1,000 hivi kikifanya kazi; feni ya dari hula chini ya 100, nayo hutosha siku nyingi, mradi nyumba haijapata moto.

Anayejenga leo kwa matofali ya saruji, Mombasa au Dar es Salaam, hahitaji matumbawe. Atokeze paa mbele ya kuta, hasa upande wa magharibi ambako jua la alasiri hupiga kwa chini. Apake mabati rangi nyeupe, aache matundu ya hewa kati ya mabati na dari, na kila chumba kiwe na madirisha pande mbili. Haya yaamuliwe kwenye ramani, msingi haujachimbwa.