Kenya: Setilaiti ya kwanza ilivyosikika kwa kompyuta na programu huria

Mnamo tarehe 11 Mei 2018, kisanduku chenye upana wa sentimita 10 kila upande kilisukumwa nje ya Kibo, maabara ya Japani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kikaanza kuizunguka dunia peke yake. Kilikuwa ni 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha mjini Roma. Nafasi ya kuirusha ilitolewa chini ya KiboCUBE, mpango wa Umoja wa Mataifa na Shirika la Anga za Juu la Japani, JAXA.

Kurusha chombo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukisikia, na hapo ndipo jiografia ilipoielemea Kenya. Setilaiti inayotolewa katika kituo hicho hurithi njia yake: huruka katika kimo cha takriban kilomita 400, na hupanda hadi latitudo ya nyuzi 51.6 kaskazini, kisha hushuka hadi nyuzi hizohizo kusini. Inapokaribia ncha hizo za njia yake hukawia, kana kwamba inageuka kona, ilhali ikweta huikata kwa haraka. Kwa sababu hiyo mji kama Nairobi hupitiwa takriban mara nne kwa siku, zikiwemo zile ambazo chombo huchungulia tu juu ya upeo wa macho, lakini Berlin hupitiwa takriban mara sita. Kila mpito hauzidi dakika 10 hivi.

Sasa fikiria kasi ya mawasiliano. 1KUNS-PF ilituma taarifa zake katika masafa ya megahezi 437.3, kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde, na nyakati nyingine biti 9,600. Kwa kasi ile ndogo, dakika 10 zilizotumiwa bila kupoteza hata nukta moja huleta baiti 90,000 pekee, kiasi kisichofikia picha moja ya simu ya mkononi. Na chombo hicho kilikuwa na kamera, kikituma picha. Mwenye antena moja Nairobi angekusanya makombo tu.

Suluhisho lilitoka kwa watu ambao hawakuwa na mkataba wowote na Kenya. Masafa hayo yamo katika bendi ya redio za ridhaa, na kanuni za kimataifa za bendi hiyo hazimruhusu mtumaji kuficha maana ya ujumbe wake, isipokuwa amri zinazotumwa kuiongoza setilaiti. Timu ya 1KUNS-PF ilitoa maelezo ya muundo wa ujumbe wake. Kwa maelezo hayo, mtaalamu wa redio wa Hispania, Daniel Estévez, aliongeza king'amuzi cha setilaiti hiyo katika gr-satellites, mkusanyiko wa programu huria anaouendeleza. Kuanzia hapo, yeyote mwenye antena, kompyuta na subira aliweza kusoma hali ya betri ya setilaiti ya Kenya na kuona picha zake zikijengeka kipande kwa kipande.

Inafaa kueleza hapa redio ya aina hii ni nini. Redio ya kawaida ni chuma na waya: sehemu ya kuchagua masafa, ya kukuza mawimbi na ya kutoa sauti, kila moja imeundwa kwa kazi yake na haibadiliki. Katika redio inayoendeshwa kwa programu, kifaa kidogo hupokea mawimbi na kuyageuza kuwa namba, kisha kompyuta hufanya yaliyobaki. Leo ni redio ya FM, kesho ni kipokezi cha setilaiti. Kinachobadilika ni programu tu.

Kwa miaka mingi vifaa hivyo vilikuwa vya bei ya juu. Mlango ulifunguka mwaka 2012, pale Antti Palosaari wa Finland alipobaini kwamba chipu ya RTL2832U ya kampuni ya Realtek, iliyokuwa ndani ya vidude vya kutazamia televisheni ya kidijitali kwenye kompyuta, iliweza kutoa mawimbi ghafi bila kuyachakata. Kundi la Osmocom likatengeneza programu ya kuitumia, na kidude cha takriban dola 30 kikawa redio ya kila masafa, au karibu kila masafa. Upande wa kompyuta, GNU Radio ilikuwapo tangu mwaka 2001, ilipoanzishwa na Eric Blossom kwa ufadhili wa John Gilmore. Humo mtumiaji huunganisha visanduku kwenye skrini, kila kimoja na kazi yake, na namba hupita kutoka kisanduku hadi kisanduku kama maji katika mfereji.

Yote haya husikika rahisi hadi siku ya kujaribu. Setilaiti inapita, dakika zinayoyoma, na skrini haionyeshi kitu. Kosa la wengi ni kuanza kubadilisha kila kitu kwa pamoja: antena, mipangilio, hata programu yenyewe. Njia yenye tija ni kuugawa mnyororo katikati. Chukua rekodi ya mawimbi ambayo wengine wamekwisha kuisimbua, uipitishe katika programu yako. Ikisomeka, programu ni nzima na ubovu uko kwenye antena au kidude. Isiposomeka, acha kupanda juu ya paa. Tatizo liko mezani pako.

Tatizo la mwanzo kabisa kwa wanaotumia Linux huwa ni dogo na la kuudhi. Mfumo huo hukitambua kidude kuwa cha televisheni, nao hupakia kiendeshi chake na kukishikilia, hivyo programu ya redio huambiwa kwamba kifaa kinatumika. Hakuna kilichoharibika. Kiendeshi cha televisheni kizuiwe, na kidude kichomekwe upya.

Baada ya hapo, jaribu kitu chenye nguvu unachokijua, yaani kituo cha FM cha mjini kwako. Hapa ndipo GNU Radio huwafundisha wanafunzi hesabu kwa ukali. Kidude kinaweza kutoa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, na spika ya kompyuta huhitaji, tuseme, 48,000. Lazima namba zipunguzwe mara 50 kamili njiani. Ukikosea ukaacha sampuli 44,100 zifike kwenye spika inayotarajia 48,000, sauti hukatikakatika na skrini hujaa herufi aU, maana yake spika imekosa cha kucheza. Zikijaa herufi O, kisa ni kinyume chake: kompyuta imezidiwa, namba zinamwagika kabla hazijachakatwa. Tiba si kununua kompyuta nyingine, bali ni kupunguza kiwango cha sampuli mapema kwenye mnyororo, maana ishara ya biti 1,200 haihitaji mamilioni. Katika sampuli 48,000, kila biti hupata sampuli 40, na hata kwa biti 9,600 hubaki tano, ambazo hutosha.

Ukuzaji wa mawimbi nao una mtego. Mtu asiposikia kitu huongeza ukuzaji hadi mwisho, akidhani anaisogeza setilaiti karibu. Kwenye mji wenye mitambo mingi ya FM hufanya kinyume: vituo hivyo hukijaza kidude, ambacho hupima kila sampuli kwa biti nane tu, na ishara bandia huzuka kila mahali huku ile dhaifu ikizama. Punguza kidogo kidogo huku ukitazama skrini. Ikiwa kelele inashuka lakini ishara inabaki palepale, uko kwenye njia sahihi.

Hata hivyo kinachowachanganya wengi zaidi ni masafa yenyewe. Setilaiti huenda kwa kasi inayozidi kilomita saba kwa sekunde. Ikija kwako, masafa yake husikika yamepanda, na ikiondoka hushuka, jambo linaloitwa athari ya Doppler. Kwa megahezi 437.3 tofauti hufikia takriban kilohezi 10 juu na 10 chini. Programu za kufuatilia setilaiti huweza kukokotoa badiliko hilo na kulirekebisha kila sekunde. Lakini kidude cha bei nafuu kina kosa lake la kuzaliwa. Saa yake ya ndani ikikosea sehemu 50 kwa milioni, jambo la kawaida kwa vile vya zamani, hapo ni kilohezi 22 za upotofu, zaidi ya Doppler yenyewe. Mtu anaweza kurekebisha Doppler kwa usahihi wa kupendeza na bado akawa anatega sikio kwenye dirisha la jirani. Pima kosa hilo kwanza kwa kituo ambacho masafa yake yanajulikana, baada ya kidude kupata joto kwa dakika kadhaa, kisha uliandike kwenye mipangilio.

Kuna alama moja ya kuaminika kuliko zote. Kwenye picha ya masafa inayoteremka katika skrini, ishara ya setilaiti isiyorekebishwa hupinda. Mstari ulionyooka kabisa hautoki angani. Mara nyingi ni wa chaja ya simu, taa ya LED au kompyuta yenyewe. Kuchomoa chaja ya jirani wakati mwingine hufaa kuliko antena mpya.

Kwa 1KUNS-PF, aliyefika hatua hii alisaidiwa na waundaji wenyewe. Redio iliyokuwa ndani, aina ya NanoCom AX100, ilifunga ujumbe kwa msimbo wa Reed-Solomon, ambao huongeza baiti 32 za ukaguzi katika kila fungu la hadi baiti 255, na huweza kusahihisha baiti 16 zilizoharibika. Ndiyo maana ishara yenye mikwaruzo bado iliweza kutoa ujumbe safi. Picha zilifika vipandevipande, na kipande alichokikosa mpokeaji mmoja kingeweza kuwa mikononi mwa mwingine aliye maelfu ya kilomita mbali.

Kenya si mgeni katika shughuli hizi. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa kuchunguza miale ya X ya anga za mbali, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la sikukuu ya siku hiyo. Ilikuwa ya Marekani, nao warushaji walikuwa Waitaliano. Mwaka 2018 chombo kilikuwa cha Kenya. Rwanda ilifuata mwaka 2019 kwa RwaSat-1, na Uganda mwaka 2022 kwa PearlAfricaSat-1, zote mbili zikitolewa katika kituo kilekile cha anga na hivyo zikipita katika njia yenye upungufu uleule kwa nchi za ikweta.

Antena za Kampala, Kigali na Dar es Salaam haziwezi kuongeza sana idadi ya mipito, maana setilaiti iliyo katika kimo cha kilomita 400 huonekana kutoka umbali wa kilomita 2,200 hivi, na miji hiyo yote imo katika duara moja. Faida yake ni nyingine: umeme ukikatika au mvua ikinyesha katika mji mmoja, mji mwingine hubaki ukisikiliza mpito uleule. Mtandao wa SatNOGS, unaoendeshwa na taasisi ya Libre Space Foundation ya Ugiriki, huunganisha vituo vya hiari vya aina hiyo na kuweka wazi kila kilichopokewa.

Anayetaka kuanzisha kituo aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, TCRA kwa Tanzania. Kutuma mawimbi kunahitaji leseni, na kupokea pia kuna masharti yake.

1KUNS-PF yenyewe haipo tena. Iliingia angahewa na kuteketea mwaka 2020. Zilizobaki ni rekodi za mawimbi yake pamoja na king'amuzi chake, na mwanafunzi asiye na antena bado anaweza kuvikutanisha kwenye kompyuta yake na kuusoma ujumbe ule.