Mbwa na Paka Wakilalishwa kwa Dawa

Wengi wetu tunazania kama hatari ya kupasua mbwa ao paka iko katika kisu. Lakini hatari ingine iko katika dawa ya kulalisha. Waganga wa wanyama wa Uingereza walihesabu vifo, 2002 mpaka 2004: mbwa 1 kwa karibu 600 waliolalishwa, paka 1 kwa karibu 400. Tena, zaidi ya nusu ya paka hao walikufa kisha kupasuliwa, wengi katika saa 3 za kwanza.

Basi, anayejifunza afanye nini? Kwanza, apime mnyama kwa kilo, asikadirie kwa macho. Pili, mbwa mzima akae saa 4 mpaka 6 bila kula, ili matapishi yasiingie mapafuni. Sungura hatapiki, yeye asishindishwe njaa. Tatu, mtu mmoja asishike kisu, aangalie tu pumzi, moyo na ufizi: ukigeuka mweupe ao wa buluu, ni hatari. Mwisho, amfunike, sababu mwili mdogo unapoteza joto upesi, na asimwache mpaka aamke vizuri.

Sisi tunaotamani kazi hii tukumbuke: haiishi wakati uzi unakatwa.